Njia ya baiskeli ya Barabara ya Morogoro, Dar es Salaam: nyota ngapi sijui, ila nina la kusema

"Mzee, na umri huo umeshindwa kununua hata bodaboda?"

Niliulizwa hivyo Manzese, mbele za watu, nikiwa nimeishika baiskeli yangu kwa mikono miwili ili mzigo usilale. Aliyeniuliza ni kijana wa kumzaa mimi. Shikamoo hakunipa. Nimelibeba swali lile wiki kadhaa sasa, na ndilo limenifanya nikae niandike, maana nikilimeza tena litanitoa roho.

Mimi nauza mayai. Nayatoa Kimara, nayashusha Manzese, Mwembechai na Magomeni kwa mama lishe na vijana wa chipsi. Huwa ni trei kumi kwenye keria, ubao chini, ubao juu, halafu nafunga na mipira ya tyubu kuukuu. Hesabu yake ni mayai mia tatu. Mwendokasi, yale mabasi ya haraka yenye njia yake, hawezi kunipandisha na mzigo huo na wala simlaumu, basi lenyewe watu wanapumuliana shingoni. Kwa hiyo kazi yangu yote iko juu ya ile njia ya baiskeli iliyojengwa sambamba na barabara ya mwendokasi, kutoka Kimara kuelekea mjini. Wengine wanaiona kupitia kioo cha gari na kuitolea maoni. Mimi iko chini ya tairi langu siku sita kwa wiki, tangu mabasi yale yaanze kazi mwaka 2016.

Sasa kisa chenyewe. Ilikuwa juzi kati, mvua zilikuwa zimeshakatika. Nimechelewa kutoka, jua limeshatoka. Nimepita kituo cha Tip Top, nakwenda zangu kituo cha Argentina, hapohapo Manzese, nakuta gari dogo la kijivu limeegeshwa juu ya njia ya baiskeli mbele ya duka. Halikuchungulia wala kuweka tairi moja, lilikuwa limekaa lote, magurudumu manne, kama liko nyumbani kwao. Kushoto kwake, pa watembea kwa miguu, viatu vya mtumba vimepangwa mpaka ukutani. Nikapiga kengele. Gari halina masikio. Nikasubiri kidogo labda mwenyewe atatokea. Hakutokea.

Nikafanya ninachofanya kila siku. Nikashuka, nikaiteremsha baiskeli taratibu kwenye ule ukingo wa zege, gurudumu la mbele, halafu la nyuma, huku nimezikumbatia trei kwa kifua, nikaingia barabara ya magari. Sikuingia njia ya mwendokasi, nieleweke hapo. Barabara ya kawaida, pembeni kabisa, hatua kama kumi na tano hivi ili nilizunguke gari nirudi juu.

Ndipo filimbi ikalia. Kijana mwenye kizibao cha njano, mmoja wa hawa wanaosimamia mambo ya barabarani. Ametokea wapi sitasema, sitaki kesi na mtu.

"Wewe! Wewe mzee! Njia yako si ile pale?"

Na kidole anakielekeza kwenye njia ya baiskeli. Yaani kidole chake kilikuwa kinaonyesha lile gari.

Nikamwambia, "Mwanangu, hebu itazame hiyo njia." Akaitazama. Naapa aliitazama, macho yake nikayaona yanatua juu ya gari. Nikadhani atasema pole, au atagonga kioo, au atapuliza filimbi yake kumwita mwenye gari. Akanigeukia mimi. "Zunguka huko, usituletee ajali hapa." Nizunguke wapi? Juu ya viatu vya watu? Nikamuuliza. Hapo ndipo akanipa lile swali la bodaboda, na muuza viatu mmoja akacheka.

Sikumjibu. Jibu lilinijia nimeshafika Mwembechai, kama ilivyo kawaida ya majibu mazuri. Ningemwambia hivi: bodaboda inataka mafuta kila asubuhi, inataka bima, inataka leseni, na kama si yako inataka hesabu ya mwenye chombo kila jioni, uwe umeuza au hujauza. Baiskeli yangu inanidai tyubu moja kila baada ya miezi, mafuta ya cheni, na jasho langu. Nikiuza trei kumi, faida ya trei kumi inalala kwangu. Nimechagua baiskeli kwa akili zangu timamu. Sijashindwa kitu.

Kuipandisha tena ule ukingo ndiko kulikonimaliza. Kuteremsha mzigo kunawezekana, kuupandisha ni kazi ya watu wawili, na siku ile hakuna aliyesogea kunisaidia. Keria iligonga zege. Trei mbili za chini zikaenda. Ute ulikuwa unachuruzika kwenye spoku mpaka Magomeni, na nzi wakanifuata. Faida ya siku mbili.

Kwa hiyo nyota moja. Na hiyo moja ni ya adabu tu.

Lakini ngoja. Nikiacha hapo nitakuwa nimesema uongo wa nusu, na mimi nataka niseme kweli yote.

Ipiteni njia hii saa kumi na moja na nusu alfajiri. Kimara kuja Ubungo kuna miteremko, upepo unakupiga usoni, taa za mabasi ya kwanza zinakupita kulia na wewe uko juu ya ukingo wako, huguswi na mtu. Hakuna konda wa kukutukana, hakuna lori la kukupulizia moshi. Kabla ya 2016 nilikuwa napita barabara hiihii nikiwa nimebanwa kati ya mtaro na daladala, na kila siku mke wangu alikuwa anasubiri simu yangu ya kwamba nimefika. Siku hizi hasubiri simu. Anajua nitafika. Hilo sijui nilipe nyota ngapi. Nne? Alfajiri ni nne, na sioni haya kusema.

Tena kuna kipindi niliipa tano. Mwishoni mwa 2021, machinga walipoondolewa kandokando ya barabara, njia ilibaki tupu mchana kweupe. Niliwahurumia wenzangu, wengine walikuwa wateja wangu, na sikusherehekea kuona mtu anavunjiwa meza. Ila kwa miezi ile nilijua kitu ambacho kabla sikuwa na uhakika nacho: njia yenyewe inafanya kazi. Ubungo mpaka Magomeni nilikuwa natumia muda mdogo kuliko mtu wa daladala. Waendesha baiskeli tulionekana tukaongezeka, wa mikate, wa maziwa, mafundi na vifaa vyao, hata wanafunzi. Kumbe watu walikuwepo, walikosa pa kupita.

Halafu taratibu, vitu vikaanza kurudi. Na hapa nataka nitetee watu, kwa sababu kila njia hii ikitajwa, lawama inamwangukia mama muuza mihogo. Huyo mama nikipiga kengele anavuta sinia lake. "Pita baba mayai." Anavuta kila siku, na wakati mwingine ananiuliza hali ya nyumbani. Muuza ndizi anasogeza toroli. Hata kijana wa bodaboda aliyeegesha pale akisubiri abiria, ukimwambia vizuri, anapisha, ingawa atanuna. Gari halipishi. Gari linawekwa, linafungwa, mwenyewe anaingia dukani kuangalia bei ya vigae. Mimi kwa hesabu zangu za kila siku, wanaonishusha barabarani ni magari, na sijaona hata siku moja filimbi inamlilia mwenye gari.

Ndiyo maana nasema tatizo lilianzia kwenye mpango. Waliochora walitenga nafasi ya baiskeli, nawashukuru kwa moyo wote, maana barabara nyingi za jiji hili hazina hata hicho. Lakini nafasi isiyo na mlinzi wala nguzo ni kiwanja cha wazi, na Dar es Salaam tunajua kiwanja cha wazi kinaishia wapi. Nguzo fupi za zege kila njia ya pembeni inapoingia, upana wa baiskeli kupita na gari kukwama, zingetosha. Nusu ya vita ingekuwa imekwisha. Na pale njia inapokatishwa na mtaa, ukingo ulazwe, uwe mteremko, ili mtu mwenye mzigo asihitaji kubeba chombo kama mgonjwa. Mwenye kiti cha magurudumu naye angepita hapohapo. Nimemwona mmoja Magomeni anasukumwa na mtoto wake katikati ya magari kwa sababu hiyohiyo, na mtoto mwenyewe ni wa darasa la tatu au la nne kwa kumtazama.

Pale Ubungo, chini ya zile barabara za juu zilizofunguliwa 2021, mimi hushuka na kusukuma. Magari yamepangiwa kila upande wa kwenda, juu, kati na chini, nami natafuta upenyo. Na Jangwani, mto Msimbazi ukishafurika na maji yakashuka, barabara ya magari inasafishwa kwanza, tope la njia yetu linakauka lenyewe.

Kingine kinachoniuma ni kwamba njia hii iko peke yake, kama mto usio na vijito. Mteja wangu wa Sinza nimemwacha, wa Mabibo nimemwacha. Nikitoka tu kwenye Barabara ya Morogoro nimerudi kwenye maisha ya mtaro na daladala. Nani atamruhusu mtoto wake aende shule kwa baiskeli kama salama yake inaishia kona ya kwanza?

Tunaambiwa mwendokasi wetu ulifuata mfano wa Bogota, kule Kolombia, ambao mabasi yao ya namna hii yalianza mwaka 2000. Sawa, tuuchukue mfano wote basi. Bogota wana mtandao wa njia za baiskeli mji mzima, na kila Jumapili wanafunga zaidi ya kilomita 100 za barabara ili watu watembee na kuendesha baiskeli. Sisi tumechukua basi, baiskeli tukaiacha njiani. Na Dar es Salaam ndiyo jiji la kwanza Afrika kupata ile Tuzo ya Usafiri Endelevu, ya mwaka 2018. Nilifurahi siku ile niliposikia redioni, nikajihesabu na mimi nimo. Baiskeli ilikuwa sehemu ya mradi ule. Nilihisi kuna mtu mahali fulani amenikumbuka.

Labda ndiyo sababu lile swali limeniingia hivi. Kama kusingekuwa na njia kabisa, ningejua sikuhesabiwa, ningenyamaza nikapita mtaroni kama zamani. Lakini nilihesabiwa. Nilichorewa mstari wangu. Halafu anasimama mtu juu ya mstari huo huo, ananiuliza nafanya nini barabarani na chombo cha masikini. Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973 ina vifungu vinavyomhusu mwendesha baiskeli. Mimi nilikuwa mtoto, au sijazaliwa vizuri, na tayari nimeandikwa humo. Leo nionekane mgeni?

Basi nyota moja nairudisha sifuri. Hapana. Sifuri ni uonevu kwa yule aliyeichora, na mama wa mihogo yumo humo anavuta sinia, na alfajiri ile yumo. Mbili. Tatu kabla ya saa moja asubuhi. Sijui, kila mmoja wenu aipite mwenyewe akiwa na mzigo unaovunjika, atajua.

Kwa wanaouliza kama inafaa kuanza kuitumia: inafaa, tokeni mapema. Wekeni kengele yenye sauti, taa nyuma, na tairi nene kidogo kwa ajili ya kingo. Jiungeni na UWABA, umoja wetu wa waendesha baiskeli, ambao wamelipigia kelele jambo hili miaka na miaka, mpaka kufanya misafara mjini watu watuone. Nilikwenda msafara mmoja, tulikuwa wengi, na nilijisikia mtu.

Trei kumi sasa nafunga nane. Mbili za chini nimeziondoa kwa ajili ya ule ukingo wa Manzese, na dogo wa chipsi wa Magomeni kila asubuhi ananiuliza, "Baba mayai, mbona siku hizi unaniletea pungufu?"

Jana nimepita tena. Gari la kijivu lipo palepale. Kijana wa kizibao naye alikuwepo, ng'ambo ya barabara, anakunywa kahawa. Nikashuka, nikaanza kuteremsha gurudumu la mbele. Yule muuza viatu, yuleyule aliyecheka, akaja akashika keria kwa nyuma bila kusema neno, tukateremsha wote, na kule mbele akanisaidia kupandisha. Hakuna yai lililovunjika.