Tahadhari: fundi wa "rangi ya mbao" anayepaka oili chafu

Wenye baraza za mbao, hasa huku Kahawa Sukari na Wendani, nisomeni kabla hamjatuma hela.

Baraza yangu ya nyuma ni ya saipresi, ina miaka 9. Jua limeigeuza kijivu, na vibanzi vilikuwa vinachoma watoto miguu. Fundi akaja na bodaboda, akisema anawahi kabla masika hayajaanza. Mkononi ana mkebe wa lita 4 wa rangi ya mbao, bado umefungwa. Akapima kwa hatua: "Mama, elfu thelathini na mbili, nusu kwanza." Nikatuma 16,000 kwa M-Pesa. Jina lililotokea halikuwa lake; eti ni la mkewe. Nami nikakubali, mtu mzima mzima.

Msasa ulikuwa mzaha. Alitoa grainda, akaacha alama za mviringo kila ubao, na misumari hata hakuizamisha. Niliporudi jioni kila kitu kinang'aa, kahawia iliyokolea, kizuri kweli. Nikamalizia malipo. Harufu tu ndiyo ilinitatiza: ni kama nimesimama gereji.

Siku ya tatu bado inanata. Soksi za mtoto zikachora nyayo nyeusi hadi kwenye zulia la sebuleni. Mvua ya kwanza iliponyesha, maji yaliyotuama yakafanya utando wa rangi za upinde. Nikazunguka nyuma ya tangi, nikakuta jerikeni lake: oili chafu ya injini imezimuliwa na dizeli. Ule mkebe alikuwa ameondoka nao.

Najua watu hupaka oili hiyo nguzo za ua ili mchwa wasile. Lakini ina masalio ya metali za injini, na hapa mtoto anatambaa. Isitoshe, fundi mwingine niliyemwita, mzee wa miaka mingi katika useremala, aliukwaruza ubao kwa kucha akatikisa kichwa. Mbao ikishakunywa oili, rangi haishiki. Zile zilizolowa sana itabidi zing'olewe.

Mzee huyo alinionyesha kazi inavyokwenda. Misumari inazamishwa kwanza, kisha msasa namba 60, halafu 80, kufuata mkondo wa mbao. Unadondosha maji: yakisimama kama shanga, mbao bado haijawa tayari, yakinyweka, paka. Mkebe ufunguliwe mbele yako, na apake kwanza kipande cha pembeni. Kikikauka, kisugue kwa kitambaa cheupe uone kama kinabaki cheupe. Vifaa mnunue pamoja dukani, pesa ya kazi ingoje kitambaa hicho.

Yule fundi wa kwanza simu yangu hapokei tena. Jana jirani wa geti la pili kaniambia kuna mtu wa bodaboda amepita akiuliza nani ana baraza ya mbao. Mkebe mkononi, bado umefungwa.