Vishikizo vya loki kwa pini za kwenye lenyadi, uzoefu wangu toka Paris 2024

Wenye haraka nawapa jibu kabisa: kwa pini (vile vibeji vidogo vya chuma) za kuvaa kwenye lenyadi, yaani kamba ya kitambulisho ya shingoni, chukua vishikizo vya loki vya gololi, vishikizo ni vile vinavyobana pini kwa nyuma isidondoke, vile vya skrubu sivitaki, na vya mpira bakiza kwa pini za kubadilishana tu. Wenye muda sasa tuongee.

Mi nilikuwa volontia kwenye Olimpiki ya Paris, tulikuwa watu kama 45,000, na ukishavaa ile kamba ya kitambulisho shingoni we tayari ni mtu wa pini utake usitake. Ugonjwa huu ni wa zamani, Olimpiki ya Athens 1896 wanamichezo na waamuzi walivaa beji za karatasi ngumu ili wajulikane nani ni nani, leo ni pini za chuma na mtu mzima na ndevu zake anakusimamisha njiani anaomba mbadilishane. Na sisi wa huku kwetu pini zetu zinatafutwa hasa, maana timu ndogo hazitoi nyingi, ukivaa bendera ya Tanzania mtu anakufuata toka ng'ambo ya barabara. Kenya ndo usiseme, siku ile Faith Kipyegon amechukua mita 1500 kwa 3:51.29 mwenye pini ya Kenya alikuwa anachagua tu anachotaka. Kwa hiyo unaelewa kwa nini ikidondoka inauma.

Na zinadondoka. Pini nyingi zinakuja na kile kishikizo cha shaba chenye mabawa mawili, sisi tulikiita kipepeo, ukibana mabawa kinaachia. Kwenye koti kipo sawa kabisa sina ubaya nacho. Lakini lenyadi haitulii, inapigapiga tumboni, inajikunja, ukiinama inaning'inia, halafu unaingia metro saa za jioni na begi mgongoni, mkanda wa begi unapita juu ya kamba unasugua yale mabawa kutwa nzima, na ndani kinachoshika kisumari cha nyuma ya pini ni kale kawaya tu, kakilegea basi, unafika nyumbani una kipepeo ndani ya shati ila pini haipo. Mpira nao unashika vizuri ukiwa mpya, na haukuchomi kifuani jambo ambalo silidharau, ila ukishavuliwa na kuvalishwa mara nyingi tundu linapanuka, na jua nalo linaukausha.

Basi nikanunua loki za aina mbili. Za skrubu zina kijiskrubu pembeni unakikaza na ule ufunguo mdogo wa L unaokuja kwenye pakiti. Kushika zinashika, ukikaza ndo imetoka hiyo. Shida ni kwamba mtu kasimama mbele yako anataka pini, foleni inasukuma, we unapekua mfukoni unatafuta kifunguo chembamba kama kijiti cha meno, na ukikaza sana kinaacha alama kwenye kisumari. Kwa pini za kuweka ukutani sawa, kwa kutembea nazo hapana.

Za gololi ndo nimezipenda. Ni kijikofia cha chuma, ndani kuna springi na gololi ndogo zinazobana kisumari, kadiri pini inavyovutwa ndo zinabana zaidi, kutoa unavuta kofia juu kwa kucha inaachia yenyewe. Hakuna kifunguo. Ila kuna jambo moja wauzaji hawalisemi. Kitambaa cha lenyadi ni chembamba, milimita 1 au zaidi kidogo, na kisumari cha pini ni kama milimita 8, sasa ncha ikigota ndani ya kofia haiendi tena, panabaki nafasi kati ya kishikizo na kitambaa, pini inacheza, inainama inaangalia chini, na kama ina kisumari kimoja inazunguka mpaka bendera inakaa kichwa chini, na bendera ya nchi kichwa chini shingoni kwako si jambo zuri wazee. Dawa yake ni wosha, kile kiduara chenye tundu cha kujazia nafasi. Mi nilikata viduara kwenye ndala iliyochakaa, natoboa katikati, naweka nyuma ya kitambaa halafu ndo kofia, inakaa imebana kabisa haizunguki. Ngozi ya mkanda wa zamani inafaa pia ila kuitoboa ni kazi.

Pia zikifika zijaribu moja moja, usiamini pakiti. Nilipata mzigo toka kwa muuzaji mmoja wa mtandaoni, picha nzuri, bei chee, karibu nusu yake gololi zinateleza, unavaa pini unavuta kwa vidole viwili inatoka bila hata kugusa kofia. Visumari havilingani unene, vingine vyembamba kidogo, kwa hiyo jaribu kwenye pini utakayoivaa kweli. Nzuri ukivuta pini haitoki hata kidogo. Na ukinyeshewa, kama sisi ule usiku wa ufunguzi tarehe 26 Julai pale Seine, zifute zikauke kabla hujazirudisha kwenye kopo, springi ikishika kutu kofia inagoma kupanda.

Mpangilio wangu sasa hivi uko hivi: juu karibu na mabega zinakaa zile siziachii, zote gololi na wosha yake, chini karibu na kitambulisho zinakaa za kubadilishana na mpira tu, mtu akitaka anachomoa mwenyewe sekunde mbili tumemalizana. Pini nzito au kubwa usiiweke lenyadi kabisa hata iwe na loki gani, inavuta kamba upande mmoja na shingo inachoka.

Kwa bei, loki za gololi ni ghali kuliko vipepeo, lakini huhitaji nyingi, za pini kumi za moyoni zinatosha. Kwa Dakar 2026, ile Olimpiki ya vijana, nitabeba hizi hizi, na mfuko wa vipira vya akiba, maana kule watoto watataka kubadilishana kila hatua tano.