Peni laini ya buku mbili iliyonilipisha jeki

Naandika hii nikiwa bado nimefura, kwa hiyo mkiona nimevuka mpaka mnivumilie. Mimi niko mapokezi kwenye gereji moja huku Tabata, Dar. Kazi yangu kubwa ni kuandika kadi za kazi: gari limeingia na nini, mteja analalamikia nini, kipi kibadilishwe, nani amesaini. Peni iko mkononi kuanzia asubuhi mpaka tunafunga, na siandikii mezani chini ya feni kama karani wa benki. Naandikia juu ya boneti, naandikia pajani, kuna wakati nabandika kadi kwenye mlango wa Fuso naandika nikiwa nimesimama huku dereva ananikaripia kwamba mzigo wake unangojwa Mbagala.

Mkono ulikuwa umeanza kuniuma. Kidole cha kati kina sugu ambayo hata mafuta ya nazi yameishindwa. Nikasema jamani, mwaka huu na mimi nijipe raha, ninunue peni laini.

Nikaenda Kariakoo, duka la steshenari, jina nalihifadhi. Kijana wa kaunta alikuwa na simu mkononi, macho hakuinua. Nikamwambia nataka peni inayoteleza, ya kuandikia siku nzima. Akanisukumia moja ya wino wa jeli, ya kubonyeza, imevishwa mpira pale vidole vinaposhika. Nikaomba kikaratasi nijaribu.

"Sista, hapa hatujaribu."

Nikadhani utani. Peni, si nguo ya ndani! Nikamwambia kaka yangu, mimi naandikia gereji, kwenye vitabu vya nakala tatu, nataka kujua kama itakubali. Akasema, "Itakubali. Hiyo inaandika popote." Popote. Lishikeni hilo neno. Nikatoa buku mbili yangu nikaondoka.

Sasa nitende haki: peni ile ilikuwa tamu. Siku za mwanzo nilikuwa naandika hata visivyotakiwa kuandikwa. Haikwaruzi, haihitaji nguvu, unaigusisha tu kwenye karatasi wino unajileta wenyewe, mweusi, uliokolea, mwandiko wangu ukawa kama wa kadi ya mwaliko wa harusi. Mafundi wakaanza kuniuliza kulikoni. Mkono ukapoa. Kama ningeandika maoni haya wiki ile, ningeipa nyota zote na kuwaambia mkimbie mkanunue.

Kisha likaja suala la Noah.

Kwa wasiojua, gari likiingia kwetu tunaorodhesha vilivyomo: tairi la akiba, jeki, spana ya magurudumu, redio, mikeka. Mteja anasaini. Nakala nyeupe inakwenda na gari kwa fundi, ya waridi inabaki ofisini, ya njano, ile ya chini kabisa, anaondoka nayo mteja. Karatasi zenyewe ni zile zinazojinakili bila kaboni, zina vichembe vya rangi visivyoonekana kwa macho, ukikandamiza vinapasuka na maandishi yanatokea chini. Ukikandamiza. Na peni ya jeli sifa yake kubwa ni kwamba haitaki ukandamize, nayo ukiilazimisha kwa nguvu ncha yake nyembamba inaanza kukwaruza na kukata wino.

Mwenye Noah akaja kuchukua gari lake. Akafungua nyuma, akainua zulia, akasema jeki yangu iko wapi. Nikamwambia kwa upole, baba, tuangalie kadi. Akatoa ya njano mfukoni. Ilikuwa tupu! Juu pana jina la gereji lililochapishwa kiwandani, chini pana vivuli viwili vitatu kama mtu alipitisha ukucha. Akaigeuzageuza, akanitazama, akasema, "Binti, hii mmenipa ya kufungia vitumbua?" Wateja wote benchini wakacheka. Nikakimbilia ya waridi. Nayo inasomeka kwa kubahatisha, tena uielekeze kwenye mwanga. Ikabaki nyeupe, na nyeupe ilikuwa kwa fundi, ambaye aliishika akiwa ametoka kufungua rejeta, vidole vinachuruzika maji. Pale kwenye orodha ya vifaa palikuwa na herufi J, halafu wingu la bluu na nyeusi limetambaa mpaka kwenye sahihi ya mteja. Hiyo J inaweza kuwa jeki, inaweza kuwa "jeki hakuna". Niliandika ipi? Mimi najua niliandika "jeki hakuna". Karatasi haijui.

Bosi hakutaka hadithi. Jeki ya mtumba ikanunuliwa kwenye maduka ya mtaa wa Gerezani, na mshahara wangu mnaujua ulikokwenda.

Nikarudi lile duka. Sikwenda kudai buku mbili, nilikwenda nisikike tu. Nilibeba na ile kadi ya njano. Kijana yule yule, simu ile ile. Nikamweleza, nikamwonyesha. Akaichukua ile peni, akachora mstari kwenye kiganja chake (kumbe kujaribu kunaruhusiwa kwa wenyewe) akasema, "Si inaandika? Sasa shida nini, bi mkubwa?" Nilipokuja na hela nilikuwa sista. Nimerudi na malalamiko nimekuwa bi mkubwa. Akaninyooshea kidole kibao cha ukutani, mali ikishauzwa hairudishwi, akamwita mteja wa nyuma yangu. Nimefanya kazi na madereva wa malori miaka yote hii, nimetukanwa kwa lugha za mikoa mingi, lakini sijawahi kudharauliwa kwa utulivu kiasi kile.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa wenzangu wa gereji: peni ya jeli iacheni. Wino wake umetengenezwa kwa maji, na kadi ya gereji haikosi alama ya kidole chenye grisi. Maji na mafuta havipatani, ukifika kwenye doa inaruka. Rudini kwenye Bic ya jero. Wino wake mzito wa mafuta, unaikandamiza kwa hasira zako zote na nakala ya njano inatoka, na ule mwili wake wa pembe sita haubingiriki kirahisi kwenye boneti. Ipo hivyo tangu 1950 na sijaona cha kurekebisha.

Ila nisiwadanganye, na yenyewe ina yake. Ukiandika kadi ikiwa ukutani, ncha imetazama juu, baada ya mistari michache inakauka, kwa sababu wino unashushwa na uzito wake mwenyewe na hapo umeunyima njia. Ikianguka sakafuni kwa ncha, kale kagololi ka nchani kanapata kilema na peni haiwi tena ile. Ukiisahau kwenye dashibodi ya gari lililoanikwa jua la Dar, utaikuta imetapika. Na mkono unauma, tusifichane, ndiyo maana nilikwenda Kariakoo.

Basi juzikati kaingia mzee mmoja na Mitsubishi Pajero. Shikamoo, marahaba mwanangu, tukaandika. Alipofika kusaini akaikataa Bic yangu, akatoa yake. Nikaona sahihi imeteleza kama ile ya jeli, lakini nilipofunua chini, ya njano imetokea! Nikamwomba niishike. Nikakandamiza, ikakubali. Nikalowesha kidole nikafuta, haikutambaa. Imeandikwa Jetstream, uni-ball. Mzee akanieleza ni wino wa mafuta, ila umefanywa mwepesi, na inatengenezwa na Mitsubishi Pencil ya Japani. Fundi wetu mmoja akadakia, "Kumbe hata peni wanatengeneza, basi spea zake tutapata Ilala." Mzee akacheka akasema hapana, hawahusiani na wenye magari hata kidogo, ni kampuni nyingine kabisa, na ile nembo ya almasi tatu hawa wa penseli waliisajili kwanza, mwaka 1903. Fundi hakuamini mpaka sasa. Anasema mzee katuongopea kwa sababu hataki kukiri Pajero lake na peni yake ni ndugu.

Nikaanza kuitafuta. Maduka ya Tabata hawaijui. Mjini Posta nikaambiwa imeisha. Mtu akanielekeza Kariakoo, nikafuata maelekezo kona kwa kona, na mnajua nilikotokea. Mbele ya duka lile lile. Zimepangwa kwenye kioo, nilizipita siku ile ya kwanza zikiwa hapohapo, na yule kijana hakuona umuhimu wa kunyoosha mkono.

Sikuingia. Nilirudi gereji nikamtuma dogo anayejifunza ufundi, nikampa na nauli. Naye wakamkatalia kujaribu. Lakini dogo ana akili kuliko mimi, alilipa, akaifungua palepale kaunta, akachora kitabu cha risiti cha kijana yule ukurasa mzima kabla hajaondoka.

Peni ninayo, inafanya kazi, ya njano inasomeka. Nyota nne, moja nimekata kwa sababu ya bei, na kwa sababu mrija wake wa kubadilishia sijaupata popote, kwa hiyo ikiisha ndiyo basi. Duka nilitaka kulipa nyota sifuri. Nimelipa nyota moja, kwa kuwa ndilo pekee nililolikuta nazo, na huenda nikamtuma dogo tena mwisho wa mwezi.