Ugomvi wangu si na upanga, ni na ala yake (na yule kijana wa dukani)

Mwenye shida ya urefu, uzito na rangi ya uzi wa mpini wa upanga huu wa mazoezi nilioununua aende kwenye ukurasa wa duka, viko kule vyote. Mimi nimekuja kuzungumzia tundu. Pale upanga unapoingilia kwenye ala, Wajapani wanapaita koiguchi, yaani mdomo wa samaki, kwa vile umbo lake ni kama koi aliyeachama. Mdomo huo ndio ulionivua nguo mbele za watu.

Naishi Kyoto, na huu ni mwaka wangu wa tatu kwenye iaido, sanaa ya Kijapani ya kuchomoa upanga. Usidhani ni kama karate, ya kupeana mateke. Unakaa umekunja magoti, adui hayupo, unachomoa upanga, unamkata huyo asiyekuwepo, unakung'uta damu isiyokuwepo, kisha unarudisha upanga alani bila kuutazama. Basi. Kata (mifuatano ya vitendo iliyopangwa) 12 za shirikisho, ukizimaliza unaingia za skuli yenu. Mdogo wangu aliko Unguja nilimtumia video, akaniuliza, "Kaka, na huyo unayempiga yuko wapi?"

Miaka miwili nilitumia panga za dojo (ukumbi wetu wa mazoezi), zote fupi, na mimi Mungu kanipa mikono. Nikadunduliza, nikaagiza iaito ya kipimo changu. Iaito ni upanga wa mazoezi, aloi ya zinki na aluminiamu, haunolewi ukanoleka. Wa chuma cha kweli hapa Japani una usajili wake na pesa zake. Ulichukua kama miezi miwili hivi kufika. Nilipofungua boksi, nasema kweli, nilikaa nao sebuleni mpaka usiku, nausogeza tu alani na kuutoa, krrk, krrk. (Hiyo krrk ishikeni, tutairudia.)

Sasa ikaja jioni moja ya baridi. Sakafu ya mbao imeganda, unyayo haukanyagiki. Tumejipanga, wageni wa dojo nyingine wapo, na mwalimu wao mzee. Upanga umo kiunoni, nainama nipangue hakama, ile suruali pana ya mazoezi, kwa mkono ili nikae. Nikausikia unateleza. Kabla sijadaka, upanga mzima umetoka alani kama mtoto anateremka bembea, ukaanguka mbaoni mbele ya goti langu. Sauti ya aloi kwenye mbao siwezi kuiandika. Hakuna aliyecheka, na ingekuwa nafuu wangecheka. Ncha ikapata kovu, dogo, lakini mimi naliona hata taa ikizimwa.

Babu yangu alikuwa na jambia la Kiomani ukutani. Halikupakwa mafuta tangu enzi za Sultani, na ukiligeuza kichwa chini halitoki ng'o. Mimi nimelipa mshahara wa mwezi kwa kitu kisichojua kukaa ndani ya ala yake!

Kesho yake mbio dukani. Nikamwomba senpai mmoja, yaani mwanafunzi aliyenitangulia dojoni, anisindikize, si kwa ajili ya lugha, Kijapani nakiongea, ila kwa heshima tu. Hapo ndipo mwenye duka alipopoteza nyota zake. Kijana aliyekuwa kaunta akainama vizuri sana, akaomba radhi vizuri sana, kisha akamgeukia senpai. Mimi naeleza kwa Kijapani, yeye anamjibu senpai. Nikauliza swali, jibu likaenda kwa senpai. "Mheshimiwa huyu ameanza lini?" Mheshimiwa huyu yuko hapa, bwana, sentimita themanini kutoka puani kwako! Senpai naye, maskini, akawa ananitafsiria Kijapani kwa Kijapani.

Halafu akafanya jambo ambalo mpaka leo likinijia usiku nakaa kitako kitandani. Akatandika karatasi nyeupe, akaigeuza ala, akaigonga mara mbili kwa kiganja. Ikamwagika chengachenga ya mbao, laini kama unga wa sembe, kijiko kizima. Akamwonyesha senpai. Si mimi, senpai. Akasema, kwa upole ule ule, ala haina kosa, inachongwa na mchomoaji.

Niliondoka sijaaga. Nyota moja niliitoa nikiwa ndani ya treni, na ningeona sehemu ya kutoa sifuri ningeitoa.

Jumamosi nikampelekea mwalimu wangu ile ala nikitarajia anipe pole. Swali lake la kwanza: "Kidole gumba chako kilikuwa wapi?"

Nikanyamaza. Maana gumba la kushoto linatakiwa likae juu ya kikingio cha mkono muda wote upanga umo kiunoni, ni somo la wiki ya kwanza, na mimi siku ile nilikuwa nimeliondoa nikijishughulisha na hakama nionekane nadhifu kwa wageni. Akaielekeza ala kwenye taa, akanionyesha ndani. Mbao ni ya honoki, laini, na baridi ya hapa pamoja na hita inaikausha ikalegea. Hilo moja. La pili ni zile chengachenga: unapochomoa, mgongo wa upanga ndio upite ukiegemea mbao, mimi nilikuwa naukandamiza upande wa pili, na ncha inauma kila inapotoka. Krrk. Mwezi mzima sebuleni nilikuwa nachonga ala yangu mwenyewe nikidhani nasikiliza muziki.

Akakata kijibao chembamba kama ganda la kitunguu, akakigandisha ndani ya ule mdomo, akapiga tupa kidogo, akajaribu, akapiga tena. Kama robo saa. Kisha akaugeuza upanga kichwa chini: umetulia. Akausukuma kwa gumba: ukatoka bila sauti yoyote. Pesa hakutaka.

Kwa hiyo, nyota tatu. Hapana, upanga wenyewe ni nne, mizani yake ni tamu na mpini haujasogea hata kidogo. Yule kijana alikuwa na haki, nakubali, na ndiyo maana nina hasira zaidi: alikuwa na haki na hakutaka kunipa mimi mwenyewe. Angenitazama usoni akaniambia, "Kaka, unachomoa vibaya," ningemnunulia chai. Wacha ziwe mbili. Ufundi wa bidhaa zao mzuri, lakini sitasema mkanunue kwao. Wala sitasema msinunue.

Miti ya sakura ilipoanza kuchanua nilirudi, peke yangu, kutafuta mkanda. Yuko yeye. Safari hii hakuna senpai wa kumgeukia, akageuka kushoto, akageuka kulia, halafu akaanza kuninyooshea vidole: viwili, tano, sifuri, sifuri. Nikamwambia kwa Kijapani kuwa bei nimeielewa. Akanionyesha vidole tena.

Nililipa yeni 2,500. Mkanda ni mzuri mno.