Lenzi moja ya kutembea nayo: chaguo langu kwa wenye DSLR

Simama kwenye uchochoro wa Mji Mkongwe, mgongo ukutani, ujaribu kupiga picha mlango wa nakshi ulio mbele yako. Una mita mbili, pengine pungufu. Ukiwa na Canon yenye sensa ndogo (sensa ni kile kibao cha ndani ya kamera kinachopokea picha), umeishika wima na lenzi iko 18mm (namba ikiwa ndogo, lenzi inaona upana zaidi), picha itachukua kimo cha mita mbili na nusu hivi. Kwa 15mm itachukua karibu mita tatu. Ile nusu mita ndiyo yenye maua na maandishi ya juu ya mlango, yaani kile kilichokusimamisha. Kurudi nyuma huwezi, na kushoto kwako kuna mzee na baiskeli yake anasema "hodi, hodi".

Ndiyo maana mtu akiniuliza lenzi ya kutembea nayo, naanza na namba ya kwanza iliyoandikwa kwenye lenzi, si ya mwisho. Madukani ni kinyume: muuzaji atakuvuta kwa 200, kwa 300, kwa 400. Kitu cha mbali unaweza kukifuata kwa miguu, au ukaikata picha baadaye kwenye kompyuta. Ukuta hausogei.

Hapa nazungumzia DSLR, yaani kamera za lenzi ya kubadilisha zenye kioo cha kuakisi ndani, zile za sensa ndogo, ambazo ndizo walizo nazo wengi wetu: Canon 250D, 80D, 90D, au Nikon D3500, D5600, D7500 na ndugu zao. Ukitaka kulinganisha na kamera za sensa kubwa, zidisha namba za lenzi kwa 1.6 upande wa Canon, 1.5 upande wa Nikon. Mwenye Canon ya sensa kubwa kama 6D jibu lake ni fupi: EF 24-105mm f/4L, basi. Lakini lenzi hiyohiyo ukiifunga kwenye 80D inaanzia sawa na 38mm, na kwenye harusi utarudi nyuma mpaka uikalie keki.

Ya kwanza: Canon EF-S 15-85mm, au Nikon 16-80mm

Lenzi ya Canon ilitoka 2009, ina gramu 575, na inatuliza mtikisiko wa mkono vizuri. Tofauti ya 15 na 18 inaonekana ndogo kwenye karatasi, lakini kwa pembe ni nyuzi 84 dhidi ya 74. Ndani ya daladala, sebuleni kwa bibi, kwenye kundi la wajomba kumi waliokataa kusogeleana, nyuzi hizo kumi ndizo zinazoamua nani aachwe nje ya picha. Na 85mm inatosha picha ya sura ya mtu bila kumpandia kifuani.

Kasoro yake ni giza. Tundu la kupitishia mwanga linaanzia f/3.5, ukivuta linafika f/5.6 (namba ikikua, mwanga unapungua). Pia nyingi zilizotumika sana zimelegea: ukitembea nayo shingoni ikitazama chini, inajirefusha yenyewe polepole kama kobe anayechungulia.

Nikon wana 16-80mm f/2.8-4 ya mwaka 2015, nyepesi zaidi (gramu 480) na inameza mwanga zaidi. Kama bei yake inakuuma, tafuta 16-85mm ya 2008. Ina giza zaidi, lakini kazi inafanya. Mwenye D90, Nikon ya zamani, asinunue ile 16-80, maana tundu lake linaendeshwa kwa umeme na kamera hiyo haiwezi kuliamrisha. Achukue 16-85 na roho yake itulie.

Ya pili, na kwa baadhi yenu ndiyo ya kwanza: Sigma 17-50mm f/2.8

Nenda Forodhani baada ya magharibi. Kijana wa pizza ya Zanzibar anautandaza unga kwa viganja, taa ni balbu moja inayoning'inia juu ya meza yake. Kwenye 50mm, lenzi nyingi za kawaida zimeshafika f/5.6. Tuseme kwa spidi ya 1/60 ya sekunde zinakulazimisha upandishe ISO (wepesi wa sensa kuhisi mwanga) hadi 6400, picha inajaa chenga. Kwa f/2.8, mwanga ni mara nne: unabaki ISO 1600. Usidanganyike na maneno IS, VR, OS au VC hapa. Hayo hutuliza mkono wako wewe, hayatulizi mikono ya kijana wa pizza.

Kwa hiyo kama picha zako nyingi ni kumbi za sherehe, ndani ya makanisa na misikiti, vikao vya kitchen party, ipandishe hii juu. Ilitoka 2010, gramu 565, na ilitengenezwa kwa Canon na kwa Nikon. Canon wenyewe wana 17-55mm f/2.8, nzuri sana, lakini ni gramu 645, bei imepanda ngazi nyingine, na inajulikana kwa kuvuta vumbi ndani.

Tamron 17-50mm f/2.8 ya zamani, ile isiyo na VC, ni nyepesi na huwa rahisi kwa bei. Wa Nikon mkae macho: matoleo yake ya mwanzo hayana mota ya fokasi (ya kuufanya ukali wa picha uje wenyewe) ndani, na kamera za D3000 na D5000 na jamii zake nazo hazina. Ukizikutanisha, utaitafuta fokasi kwa kuzungusha kwa mkono, na mtoto anayekimbia hakusubiri.

Ya tatu: Canon 18-135mm, Nikon 18-140mm

Hizi ndizo utazikuta kwa wingi, maana ziliuzwa pamoja na kamera. Kwa bei yake sina ugomvi nazo. Upande wa Canon chagua yenye neno STM (2012) au USM ya 2016, hayo ni majina ya aina za mota. Ile ya kwanza kabisa isiyo na maneno hayo iache. STM ni kimya, na wanaorekodi video za mahojiano wataipenda kwa sababu maiki ya kamera haitasikia mota ikisaga. Nikon 18-140 ni ya 2013, gramu 490, na pale inapojifunga kwenye kamera pana chuma. Mtangulizi wake, 18-105, ana plastiki hapo.

Ya nne: Sigma 17-70mm f/2.8-4

Ningependa kuipandisha, lakini haipatikani kirahisi. Sifa yake ni kusogelea: inashika fokasi kwa sentimita 22 kutoka kwenye sensa, kwa hiyo lenzi yenyewe inakaribia kugusa kitu. Mpiga picha wa vyakula, vito au pindo za kanga akiiona asiipite.

Za mwisho: 18-200mm na 18-400mm

Sizidharau. Tamron 18-400mm ya 2017 ina mahali pake, na mahali hapo ni Mikumi au Tsavo, juu ya gari, vumbi linatimka na simba yuko mita 80. Kubadilisha lenzi pale ni kuualika mchanga kwenye sensa. Ila ukirudi mjini unabeba gramu 710 zenye f/6.3 mwishoni, na picha laini kuliko ulivyotarajia. Kwa mtu anayekwenda mbugani mara moja kwa mwaka, kukodi kunatosha.

Na kama fedha ni kidogo kabisa, usiuze lenzi ya 18-55 iliyokuja na kamera. Ongeza 50mm f/1.8 tu. Ya Canon ya STM ina gramu 160, utaisahau mfukoni.

Kabla ya kutoa hela

Sasa hivi DSLR za mtumba zimejaa kwa sababu wengi wanahamia kamera zisizo na kioo cha kuakisi (mirrorless). Kwa mnunuzi ni neema, na lenzi za EF-S (za Canon za sensa ndogo) hazifi: kwa adapta zinafungwa kwenye Canon za R, ambazo ni mirrorless. Lakini mtumba wa lenzi unahitaji kukaguliwa kama mtumba wa gari.

Mimi niliwahi kununua moja Kariakoo, kwa haraka, mvua za masika zikipiga bati. Niliona kidoa ndani ya kioo, nikauliza. "Kaka, hilo vumbi tu." Nyumbani nikawasha tochi ya simu, nikaielekeza kwenye lenzi kutoka nyuma, nikatazama kwa mbele: nyuzi nyembamba kama utando wa buibui, zimetambaa kutoka ukingoni. Fangasi. Pwani yetu hii yenye unyevu inazilea vizuri, hasa lenzi ikilala miezi kwenye begi la ngozi kabatini.

Kwa hiyo nenda na kamera yako na tochi. Tazama kioo kutoka pande zote mbili. Nusa: harufu ya nguo iliyokaa bila kuanikwa ni dalili mbaya. Zungusha pete ya kuvuta taratibu, ukisikia chembe zinasaga, lenzi hiyo imekwenda ufukweni. Gusa ukingo wa mbele wenye njia ya filta. Ukiwa na bonde, iliwahi kuanguka. Piga ukuta wenye matofali kwa upana na kwa mvuto wote, mara moja tundu likiwa wazi, mara moja f/8, kisha kuza kona zote nne kwenye skrini. Kona moja ikiwa na ukungu kuliko wenzake, vioo vya ndani vimehama.

Muuzaji akikukataza kutumia tochi, mrudishie lenzi yake na umuulize bei ya betri.