Santuri ya Lazy Bones!! ya WITCH: uzoefu wangu

Hii ni chapa mpya ya albamu ya mwaka 1975 ya WITCH, bendi ya Zambia, na kwangu ndiyo santuri inayopigwa kuliko zote. Kama unapenda roki nzito na hujawahi kuwasikia hawa jamaa, anzia hapa.

Tuanze na sauti. Gitaa la solo la Chris Mbewe limetiwa fazi (mlio wa gitaa uliochafuliwa makusudi) mpaka linakwaruza, lakini besi ya Gedeon Mulenga haimezwi. “Black Tears”, wimbo wa kwanza, siku hizi ndio ninaopimia spika. Usitegemee usafi wa studio za London. Rekodi ni kavu, na mimi naipendea hapo hapo. Unawasikia vijana wanaopiga kwa nguvu zote, hakuna aliyekuja kupamba.

Kilichonifanya niithamini zaidi ni kujua ilitoka wakati gani. Wakianza, mwanzoni mwa miaka ya 70, shaba, tegemeo la uchumi wa Zambia, ilikuwa bado inalipa na mashabiki walifurika kwenye maonyesho yao hadi polisi kuitwa. Mwimbaji wao, Emmanuel Chanda, alibandikwa jina la Jagari kutokana na Mick Jagger, mwimbaji wa Rolling Stones. Halafu bei ya shaba ikaporomoka. Vita vya ukombozi vya nchi jirani vikaleta amri ya kutotoka nje usiku, na bendi zilizozoea kukesha na mashabiki zikalazimika kupiga mchana. Jagari akaondoka mwaka 1977, akaingia kwenye ualimu. Waliobaki wakageukia disko. Ukimwi nao ukawapitia vibaya. Wenzake wote wa kikosi cha mwanzo wameshafariki, na wengi hawakuwahi kujua kwamba siku moja santuri zao zingetafutwa Ulaya na Marekani. Hilo linaniuma kila nikiigeuza upande wa pili.

Kasha langu lilifika limepinda kona kwa sababu muuzaji alilifunga kwa karatasi nyepesi, kwa hiyo sisitiza upate boksi gumu. Santuri yenyewe haikuwa na mkwaruzo.

Ukimaliza hii tafuta Zango, albamu ya WITCH ya mwaka 2023, ambayo Jagari ameirekodi na Patrick Mwondela, mpiga kinanda wa enzi ya disko, pamoja na wanamuziki vijana kutoka Ulaya. Ni nzuri, na sauti ya mzee bado ipo. Ila kwa gitaa, hakuna inayoifikia Lazy Bones!!.