Oscar za 2025: filamu zipi zinastahili muda wako

Anora ilistahili. Naanza na hilo kwa sababu bado wapo wanaolalamika kwamba Oscar za 97, zilizotolewa tarehe 2 Machi 2025, zilimjaza mwongozaji wake, Sean Baker, tuzo kupita kiasi. Alibeba Filamu Bora, Mwongozaji Bora, Skripti Asilia Bora na Uhariri Bora, na hakuna mtu kabla yake aliyewahi kubeba tuzo nne usiku mmoja kwa filamu moja. Ya tano ilikwenda kwa Mikey Madison, Mwigizaji Bora wa Kike.

Anayebisha aangalie kile kipande cha nyumbani, pale watumishi wa familia ya kitajiri ya Kirusi wanapokuja kuvunja ndoa ya kijana wao na Ani, mhusika wa Madison. Kinakaribia nusu saa, na karibu chote kinachezwa kwenye sebule moja. Vitu vinavunjika, pua ya mtu inapigwa teke, unacheka. Kisha unashtuka kwamba mbele yako kuna binti aliyefungwa mikono na hakuna anayemsikiliza. Hapo ndipo unaona kwa nini tuzo ya uhariri ilikwenda kwake: Baker hakati ili kukimbiza kichekesho, anakata ili kukurudisha kwa Igor, mlinzi asiyesema mengi, anayemtazama Ani kwa namna tofauti na wenzake. Ukiyakamata macho hayo mapema, mwisho wa filamu utakukata maini. Na usizime majina yanapoanza kupita. Hakuna wimbo, ni sauti ya waipa za gari tu, na hiyo nayo ni sehemu ya hadithi. Yote hayo kwa bajeti ya takriban dola milioni 6, kwa utepe halisi wa milimita 35. Ina ngono na matusi mengi, kwa hiyo watoto walale kwanza.

Ushindi wa Anora una hesabu zake pia. Kwenye vipengele vingine anayepata kura nyingi ndiye mshindi, basi. Filamu Bora ni tofauti: mpiga kura huzipanga filamu 10 kwa kadiri anavyozipenda. Ikikosekana iliyovuka nusu ya kura za nafasi ya kwanza, iliyoshika mkia inaondolewa, na kila karatasi yake inahamia kwa filamu inayofuata kwenye karatasi hiyo. Zoezi linarudiwa hadi moja ivuke asilimia 50. Filamu inayopendwa na kundi moja kwa moto na kukataliwa na kundi jingine haifiki mbali. Inayowekwa ya pili au ya tatu na wengi ndiyo inayosonga. Kwa hiyo anayetaka kutabiri asishike sana Golden Globe, ambazo hupigiwa kura na waandishi wa habari na ambazo msimu ule ziliwapa The Brutalist na Emilia Pérez. Ashike tuzo za chama cha watayarishaji wa Marekani, PGA, kinachohesabu kura zake kuu kwa mtindo huohuo wa kupanga. PGA na chama cha waongozaji, DGA, vyote viliichagua Anora tarehe 8 Februari, na kuanzia usiku ule mbio zilikuwa zimeshaamuliwa.

The Brutalist ndiyo ya kuiangalia kwenye skrini kubwa kuliko zote unazoweza kuipata. Brady Corbet aliipiga kwa VistaVision, mfumo wa Paramount wa mwaka 1954 ambao utepe wa milimita 35 hupita kamera kwa mlalo badala ya wima, hivyo kila fremu inakuwa kubwa na picha inabeba undani zaidi. Kwa hadithi ya msanifu majengo hilo si pambo: kuta ndefu za zege zinabaki zimenyooka, na kwenye machimbo ya marumaru ya Carrara unaona ukubwa wa mlima na udogo wa binadamu kwa pamoja. Lol Crawley alistahili tuzo yake ya upigaji picha, na Daniel Blumberg ya muziki. Inachukua dakika 215, zikiwamo 15 za mapumziko zilizomo ndani ya filamu yenyewe. Usiziruke. Sehemu ya kwanza inaishia kwenye matumaini na ya pili inaanza na gharama yake, na akili inahitaji nafasi ya kuvuka.

Kasoro yake ni ule mwisho wa Venice, mwaka 1980, ambapo mhusika anasimama jukwaani na kueleza maana ya jengo ambalo tumelitazama kwa zaidi ya saa tatu. Jengo lilikuwa limeshasema. Adrien Brody, aliyeshinda kwa kumcheza msanifu huyo, ni mzuri, lakini tuzo ya mwigizaji wa kiume ningempa Ralph Fiennes wa Conclave, filamu ya makadinali wanaomchagua Papa mpya: pale anapoingia kwenye chumba kilichofungwa cha Papa aliyefariki, anabeba tukio zima kwa pumzi tu, na watu wa sauti wakaiacha pumzi hiyo isikike kwa karibu. Conclave kwa ujumla ni filamu safi ya saa mbili, isiyochosha, na tuzo yake ya skripti iliyotokana na kitabu haina mjadala.

Emilia Pérez, filamu ya nyimbo, iliteuliwa mara 13, nyingi kuliko zote, ikaondoka na mbili: Zoe Saldaña na wimbo wa El Mal. Mengi yalisemwa kuhusu maandishi ya zamani ya mwigizaji wake mkuu mitandaoni, lakini tatizo lilikuwa ndani ya filamu tangu mwanzo. Inahusu maumivu ya Meksiko ya watu waliopotezwa, ikapigwa zaidi studio Ufaransa, na nyimbo zake nyingi zinakatika kabla hazijakomaa. Saldaña anaibeba mgongoni. Angalia vipande vyake, utakuwa umepata kilicho bora humo.

Sasa ziweke kando zote hizo kwa muda uangalie I'm Still Here ya Walter Salles, iliyoipa Brazili Oscar yake ya kwanza. Mwaka 1971, Rubens Paiva, mbunge wa zamani, anachukuliwa na wanajeshi nyumbani kwake Rio na harudi. Fernanda Torres anamcheza mkewe, Eunice, bila kupiga yowe hata pale ambapo mwigizaji mwingine angelia kwa kelele. Mpigapicha wa gazeti anaitaka familia ikae kwa huzuni. Eunice anawaambia watoto watabasamu. Sijaona tukio lenye ujasiri kuliko hilo msimu mzima.

Flow, katuni ya Latvia isiyo na neno hata moja, ni ya dakika 85 na inafaa familia nzima. Gints Zilbalodis aliitengeneza kwa Blender, programu ambayo mtu yeyote anaipakua bure. Wanyama wanatoa sauti za wanyama halisi, na paka anakwenda kama paka, hana ukatuni wa kibinadamu. Tumia spika nzuri au hedifoni, maana maji ndiyo yanayosimulia nusu ya hadithi.

Kabla ya kuangalia yoyote kati ya hizi kwenye televisheni, ingia kwenye mipangilio ya picha uzime kipengele cha kulainisha mwendo. Seti nyingi hutoka kiwandani zikiwa zimekiwasha. Filamu hizi zina fremu 24 kwa sekunde, na televisheni ikibuni fremu za ziada katikati, Anora inageuka kuwa kama tamthilia ya mchana. Intaneti ikiwa dhaifu, chembechembe za utepe zitageuka madoa. Afadhali upakue faili la ubora wa juu kuliko kuangalia moja kwa moja.

Kosa kubwa la msimu ni jinsi Nickel Boys ilivyoachwa. RaMell Ross na mpigapicha Jomo Fray walifanya kamera iwe macho ya wahusika wenyewe, vijana wawili weusi kwenye shule ya kurekebisha tabia huko Florida. Wanapokutana mezani tunaona tukio kwa macho ya Elwood, kisha lilelile kwa macho ya Turner, na kwa mara ya kwanza tunamwona vizuri yule ambaye tumekuwa ndani ya kichwa chake. Iliteuliwa kwa Filamu Bora na skripti. Kwa upigaji picha, hata uteuzi haikupata.

Kuanzia Oscar za 98, mwanachama wa Akademia, chombo kinachotoa Oscar, lazima aangalie filamu zote zilizoteuliwa kwenye kipengele ndipo apige kura ya mwisho. Ni kanuni nzuri na imechelewa. Lakini inagusa duru ya mwisho tu, na Fray aliachwa kwenye duru ya uteuzi, na wapigapicha wenzake.